Mshale Hufuata Upinde: Safari ya Bonde la Ziwa Eyasi

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, pale paa linapokutana na ukuta, umechomekwa upinde wa babu. Watoto huutazama. Siku moja huuteremsha, wakachonga fito mbili tatu na kujaribu kupiga embe mtini. Ufito wa kwanza waenda upande, wa pili watikisa mkia na kuanguka katika mahindi ya jirani. Watoto wasema, "Upinde huu umezeeka." Waurudisha mahali pake, na habari yaisha.

Kwetu Iramba ilikuwa hivyo hivyo. Upinde wa babu yangu nilisema umezeeka kwa muda wa miaka mingi, na wote wakaniamini. Hata nilipopata safari ya kwenda bonde la Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, nikauchukua pamoja na mishale yangu saba. Huko ndiko nilikojua kwamba upinde haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mishale, na fundi wa mishale hiyo ni mimi. Basi leo twende pamoja, nikuonyeshe niliyoyaona.

NJIA YA EYASI

Ukitoka Arusha washika barabara ya Makuyuni, wapita Mto wa Mbu, kisha wapanda ule ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa mpaka Karatu. Hapo pana baridi, udongo ni mwekundu, na mashamba ya Wairaqw yamepangwa vizuri juu ya vilima. Lami yaelekea Ngorongoro, lakini wewe utaiacha na kushika njia ya vumbi upande wa kusini-magharibi. Gari lateremka, lateremka tena, na kila kilometa joto lazidi. Ukifika Mang'ola umekwisha kuvua koti.

Mang'ola pana chemchemi za maji matamu, na kwa maji hayo watu humwagilia vitunguu. Utaona vitunguu mashambani, vitunguu katika magunia, vitunguu juu ya malori. Nyuma ya mashamba waona ng'ombe wa Wadatoga, na nyuma ya ng'ombe waona ziwa lenyewe, jeupe na pana, maji yake ya magadi. Wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma sana, na chumvi hubaki ikimetameta juani. Pembeni ni mawe, mibuyu na vichaka vya miiba. Katika mawe hayo na vichaka hivyo ndimo wakaamo Wahadzabe.

Watu hawa si wengi, labda 1,000 hadi 1,500 hivi, nao wametawanyika kuzunguka ziwa, katika mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Simiyu. Lugha yao ina sauti za kudatisha ulimi, wala haikupatikana lugha nyingine iliyo ndugu yake kwa hakika. Tangu zamani wameishi kwa mizizi, matunda, ubuyu, asali na nyama. Wanawake huchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, na mwanamume hatoki kambini bila upinde. Hata akienda kwa jirani kuomba moto wa kiko, upinde u mkononi na mishale michache pamoja nao.

MZEE AKAGUA MISHALE YANGU

Nilipelekwa kwenye kambi moja iliyo juu ya mawe. Chini ya mti alikuwapo mzee mmoja, amekaa juu ya ngozi, akinyoosha ufito. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba," lakini macho yake hayakunitazama mimi, yalitazama upinde.

"Huo wa nani?"

"Wa babu yangu, mzee. Umezeeka."

Hakujibu. Aliuchukua, akautazama toka ncha hata ncha, akapitisha kidole tumboni na mgongoni kutafuta ufa, akafunga upote. Kisha akauvuta polepole mpaka karibu na shavu, na polepole vile vile akaurudisha. Hakuuachia mtupu. Hili ulishike, msomaji: upinde usiachiwe kamwe bila mshale, kwa maana nguvu ile isiyo na kitu cha kusukuma hurudi katika mti wenyewe na kuupasua.

"Babu yako alikuwa na nguvu," akasema. "Haya, nionyeshe mishale."

Nikampa yote saba. Akashika mmoja mmoja kwa mikono miwili, akaupinda kidogo kwa vidole gumba, akauweka chini. Minne akaiweka upande huu akicheka: "Hii ni mikuki." Miwili akaiweka upande wa pili: "Hii ni majani." Mmoja tu akaukalisha juu ya goti lake. "Huu ni wa upinde huu. Mingine ni ya pinde za watu wengine."

Nikashangaa sana, maana huo mmoja niliufahamu. Ndio uliokuwa ukiruka vizuri siku zote, nami nilikuwa nikiuita mshale wa bahati.

"Ulipochonga ulipima nini?" akaniuliza.

"Nilipima urefu, mzee."

"Na ugumu?"

Nikanyamaza.

"Basi mjukuu wa mwenye upinde, sikiliza. Mshale hufuata upinde. Upinde haufuati mshale."

KWA NINI MSHALE HUPINDA

Labda utauliza: ufito ni ufito, kama umenyooka kuna nini tena? Nami niliwaza hivyo hivyo. Lakini tazama upinde wa mti vizuri. Mshale haupiti katikati yake, hupita ubavuni, umelala juu ya ngumi yako. Upote nao, ukiuachia, hurudi kuelekea katikati ya upinde. Kwa hiyo mkia wa mshale wasukumwa kuelekea katikati, na kichwa kimezuiwa pembeni na unene wa mti. Mshale ufanyeje? Wapinda. Watoka katika upinde ukiwa umepinda kama samaki aogeleaye, wauzunguka mti bila kuugusa kwa nguvu, kisha wajinyoosha na kwenda mbele. Jambo hili jicho haliwezi kuliona, ni la upesi mno, lakini kamera za kupiga picha nyingi kwa nukta moja zimelionyesha wazi.

Sasa ukiwa mgumu mno, hauwezi kuuzunguka mti, bali waugonga na kutupwa nje. Ukiwa laini mno, wapinda kupita kiasi na kutikisa mkia njiani. Ikiwa wavuta kwa mkono wa kuume, na mshale umelala upande wa kushoto wa upinde, ule mgumu mno utakwenda kushoto, na ule laini mno utakwenda kulia. Mimi nilikuwa na ya namna mbili katika kifungu kimoja, ndiyo maana jirani wa kushoto na jirani wa kulia wote walinilalamikia.

Wahadzabe hujua kipimo hiki kwa vidole gumba, tangu utoto. Mimi na wewe tusiokuwa na vidole hivyo twaweza kutumia ubao. Pigilia misumari miwili mirefu katika ubao, sentimita 66 toka mmoja hata wa pili. Laza ufito juu ya misumari. Katikati ya ufito tundika mfuko wenye gramu 900, yaani maji kiasi cha sehemu tisa za lita moja. Pima ufito umeshuka milimita ngapi.

Kisha pima nguvu za upinde. Utundike mahali imara, ufunge ndoo kwenye upote, utie maji kidogo kidogo mpaka upote ushuke kadiri ya mvuto wako. Lita moja ya maji ni kilo moja, nawe usisahau uzito wa ndoo. Usisimame chini yake, wala mtoto asisimame.

Wapiga mishale wa Ulaya na Marekani wamefanya hesabu ya kipimo hicho. Upinde wa kilo 14 wataka ufito ushukao milimita 22 hivi. Wa kilo 18 wataka milimita 16 au 17. Wa kilo 23 wataka 13, na wa kilo 27 wataka 11. Hesabu hiyo ni ya mshale wa sentimita 71 wenye chembe cha kawaida. Mshale ukiwa mrefu zaidi, basi kwa kila sentimita 2 na nusu zilizozidi, hesabu upinde wako kana kwamba umezidi nguvu kwa kilo 2. Na kwa kuwa upinde wetu wa mti ni mnene pale pa kushikia, mshale una kazi kubwa ya kuuzunguka. Kwa hiyo chagua ulio laini kidogo kuliko hesabu isemavyo.

Nitakupa mfano wa nyumbani kwangu. Upinde wa babu, nilipoupima baadaye kwa ndoo, ulikuwa wa kilo 21, na mishale yangu ni ya sentimita 76. Ile minne ilishuka milimita 6 tu. Ile miwili ilishuka milimita 25. Na ule mmoja wa bahati ulishuka 13. Yule mzee hakuwa na ubao wala ndoo, lakini alisema vile vile.

KUKATA NA KUNYOOSHA

Kesho yake mzee alinichukua kwenda kutafuta fito. Tulikwenda karibu saa mbili kwa miguu. Akanionyesha chipukizi za vichaka, zile zilizoota wima zikitafuta jua, zisizo na matawi. Hakukata ovyo. Kila kimoja alikitazama toka shina hata juu, na vingi aliviacha. Anachotaka ni unene wa kidole cha mwisho, usiopungua haraka, wala usio na fundo kubwa.

Alipopata vya kutosha, tukakaa kivulini. Akamenya ganda kwa kisu na meno. Kisha akakipitisha kijiti juu ya makaa, si ndani ya moto, mpaka kikalegea. Hapo akakitia kinywani, akakibana kwa meno pale palipopinda, akakikunja upande wa pili, akakishika hivyo mpaka kikapoa. Akafumba jicho moja, akatazama, akarudia. Meno yake ndiyo jiliwa lake. Kijiti kimoja chaweza kuhitaji kazi hii mara kumi, tena na kesho, kwa maana mti mbichi hukumbuka ulikotoka na hutaka kurudi huko.

Wewe ukiwa nyumbani bila haraka, funga fito zako pamoja kwa kamba, ziache kivulini majuma kadhaa mpaka zikauke, ndipo unyooshe na kukuna. Ncha nene ya shina iwe mbele, upande wa chembe, ili mshale uelemee mbele kidogo. Ukiulaza juu ya kidole, mahali pa kusimama sawasawa pawe mbele ya katikati. Mshale unaoelemea nyuma hutaka kugeuka hewani.

Katika kukuna, uwe na subira. Ukipunguza unene kwa sehemu moja ya kumi, ugumu hupungua kwa thuluthi nzima. Mimi niliharibu mawili siku ile ile kwa haraka. Mzee akasema, "Kisu hakina kurudisha." Basi anza na ufito mnene kidogo na mrefu kidogo. Upige. Ukienda upande wa ugumu, kuna kidogo katikati, upige tena. Ukishalainika kupita kiasi, dawa iliyobaki ni kuufupisha, maana ufito mfupi huwa mgumu zaidi, au kuutia chembe chepesi zaidi, maana chembe kizito huufanya upinde zaidi.

Lakini usiufupishe kupita kipimo cha mwili wako. Weka mkia wa mshale katikati ya kifua, nyosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazamana. Mshale upite ncha za vidole kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Ukiwa mrefu kuliko hapo si neno. Mishale ya Wahadzabe ni mirefu sana, karibu mita nzima, wala haiwadhuru. Ukiwa mfupi ni hatari, kwa sababu siku utakayovuta kwa nguvu, chembe kitaingia ndani ya upinde na kuuchoma mkono wako mwenyewe.

Uzito nao utazame. Kwa kila kilo ya nguvu ya upinde, mshale uwe na gramu moja na nusu au karibu yake. Upinde wa kilo 20 wataka mshale wa gramu 28 au 30. Ukiwa mwepesi mno ni karibu sawa na kuachia upinde mtupu.

MANYOYA NA CHUMA

Manyoya wanayotumia ni ya ndege wakubwa kama tai mzoga, na ya kanga pia. Unyoya hupasuliwa katikati ya mti wake, hukatwa, hufungwa kwenye mkia wa mshale kwa nyuzi za kano za mnyama zilizolowanishwa kwa mate. Nyuzi hizo zikikauka hukaza kuliko kamba yoyote. Upote wa upinde pia ni wa kano. Na hapa pana siri moja: manyoya ya mshale mmoja yawe ya bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto. Unyoya una mviringo wake wa kuzaliwa. Ukichanganya pande, moja litauzungusha mshale huku na jingine kule. Mimi nilikuwa nimechanganya ya kuku, jogoo na bata, nikaona nimepamba.

Chembe cha chuma hakitoki kwa Wahadzabe. Chatoka kwa mhunzi wa Kidatoga. Tulimkuta katika boma lake, mkewe akisukuma mivukuto ya ngozi ya mbuzi, yeye akipiga msumari mrefu juu ya chuma kilichofukiwa ardhini. Msumari ukawa mwekundu, ukawa bapa, ukapata ncha, na katika muda mfupi ukawa chembe chenye mapezi kama jani. Zamani malipo yalikuwa asali, ngozi na nyama. Leo fedha yapokewa pia. Watu hawa wawili hugombana juu ya malisho na maji, lakini mshale wa mmoja hauna kichwa bila nyundo ya mwingine.

Mishale ya Wahadzabe ni ya namna nyingi. Uko wa mti mtupu uliochongwa ncha, kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo kama pimbi. Uko wenye chembe kipana bila sumu. Na uko wenye chembe chenye miiba, uliopakwa uchungu mweusi utokao kwenye mimea ya porini, mmojawapo ni kile kimti chenye shina lililovimba na maua ya rangi ya waridi. Mshale huo hufungwa ngozi nyembamba juu ya uchungu, usikauke wala usimchome mwenyewe. Sumu hiyo hushika moyo. Msomaji, kwa habari ya uchungu mimi niliishia kutazama, na wewe uishie kusoma.

MCHEZO WA MISHALE

Usidhani kwamba mtu akisha kutengeneza mshale mzuri hukaa nao maisha. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo uitwao lukuchuko. Hurusha vipande vya maganda ya mti kwenye shina, na jinsi vinavyoanguka ndivyo mmoja hupata na mwingine hukosa. Wachezeacho ni mishale, hasa ile ya chuma yenye uchungu. Kwa njia hii mshale uliochongwa upande huu wa ziwa waweza kuonekana upande wa pili baada ya miezi, umepita mikono kumi. Aliyeupata huupima kwa upinde wake, hukuna au hufupisha, akaufanya wake.

Lakini katika mchezo huo, kama alivyoandika James Woodburn, mtaalamu Mwingereza aliyekaa nao tangu miaka ya 1950, mtu haweki upinde wake, wala mishale yake isiyo na sumu, wala mfuko wake wa ngozi. Hata akishindwa vibaya namna gani, hurudi kambini akiwa na chombo cha kujipatia chakula. Niliposikia hayo nilikumbuka wanaume fulani wa vijijini kwetu, ambao kwa karata na pombe wamepoteza jembe, baiskeli na hata mabati ya nyumba. Sina la kuongeza.

FITO ZIMEKWENDA MBALI

Tuliporudi siku ile ya kukata fito, nilimwuliza mzee kwa nini tulikwenda mbali vile. Alionyesha kwa kidevu chake, chini kule penye vitunguu. "Nilipokuwa kijana nilikata fito pale. Halafu pale, penye ng'ombe. Sasa ni huko tulikotoka."

Hili ndilo jambo kubwa la bonde hili. Mkulima atafuta shamba, mfugaji atafuta majani, na wote wana watoto wa kulisha. Lakini kichaka kikifyekwa, mnyama ahama, nyuki ahama, na kijiti cha mshale hakioti tena. Mwaka 1965 serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi Yaeda Chini ili walime na kukaa pamoja, lakini wengi wao hawakukaa, wakarudi porini. Baadaye njia nyingine ilijaribiwa. Mnamo Oktoba 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipewa hati ya kimila ya ardhi, hekta zipatazo 20,000, ili msitu wao usikatwe. Huo ni mwanzo mwema. Mang'ola, kwa vijito vyake na soko lake la vitunguu, ni kazi ngumu zaidi.

Watalii nao wamefika. Penye mti wa mzee kulikuwa na kifungu cha mishale mizuri, imechorwa kwa moto, ina manyoya marefu. Nikaomba kununua miwili. Mzee akanitazama.

"Hiyo ni ya wageni. Hairuki."

"Nao hawajui?"

"Hawaulizi kama yaruka. Huitundika ukutani."

Nikaona haya, maana miongoni mwa mishale yote pale, mimi nami nilikuwa nimeichagua ile ile.

Mjukuu wake alikuwapo, mvulana wa miaka tisa hivi, amekuja likizo toka shule ya bweni. Wahadzabe humpa mtoto upinde mdogo tangu anapojua kutembea vizuri, na kila akikua hutengenezewa mwingine, pamoja na mishale ya kadiri yake. Mvulana huyu alikuwa amekua muhula mzima bila upinde kukua pamoja naye. Mzee alimketisha, akampima mikono, akaanza kumchongea. Nikamwuliza kama anapenda mtoto kusoma.

"Asome," akasema. "Mimi sikusoma, nikanyang'anywa kwa karatasi. Asome sana. Lakini likizo ni yangu."

NYUMBANI

Kabla ya kuondoka, mzee alinisimamisha mbele ya mfuko wa majani uliowekwa penye mbuyu, hatua 20. Nilikuwa na ule mshale wa bahati na mitano mipya tuliyochonga pamoja. Mvulana akatazama, tayari kucheka. Mitatu iliingia mfukoni, mmoja ukagonga mbuyu, miwili ikapita juu. Lakini hakuna hata mmoja uliotikisa mkia. Yote ilikwenda kama uzi, na makosa yaliyobaki yalikuwa ya mkono wangu. Mzee akaufungua upote, akanirudishia upinde, akasema, "Haukuzeeka."

Basi, msomaji mpenzi, jioni hii uteremshe upinde wa babu. Utazame kama una ufa au umeliwa na wadudu, na kama una ufa uurudishe ukutani, uwe kumbukumbu tu. Kama ni mzima, upake mafuta kidogo, uupime kwa ndoo, kisha waite watoto mpigilie ubao wenye misumari miwili. Chongeni mishale sita iliyo ndugu, yenye urefu mmoja, ugumu mmoja, uzito mmoja. Kila mara kabla ya kupiga, pinda kila mshale kidogo na usikilize, kwa maana uliopasuka huvunjikia mkononi. Pigeni gunia la majani, nyuma yake pawe na kichuguu au ukuta wa udongo, na asiwepo mtu mbele. Msiende nao porini, kwa kuwa kuwinda wanyama wa mwitu bila kibali ni kosa la sheria.

Na kama kijijini kwako yuko mzee aliyewahi kuchonga mishale, usichelewe. Mpelekee fito zako azipinde kwa vidole gumba vyake, naye akuambie ipi ni mkuki na ipi ni jani. Mimi babu yangu sikumwuliza. Nilimwona akichonga mlangoni miaka mingi, nikapita nikienda kucheza. Ilinibidi kusafiri mpaka Eyasi ili mtu mwingine anieleze habari za upinde wa nyumbani kwetu.